Hatua Nilizomtunzia Baba Minza

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefua. Nimemwogesha Minza, nimempaka mafuta kwenye kovu la kifuani kama manesi walivyonionyesha. Limekauka. Midomo sio ya bluu tena. Keshokutwa tunaondoka India, namshukuru Mungu, nimewakumbuka watu wa kwetu hadi harufu ya zizi.

Leo kashika kitanda akasimama mwenyewe. Mwaka na miezi minane, ndo kwanza miguu inambeba. Daktari kasema moyo umekaa sawa, akitaka kutembea aachwe atembee.

Nimempigia baba yake kule kijijini Magamba. Kacheka mpaka akapaliwa. "Mama Minza, mzuie kwanza. Hatua ya kwanza aje nayo kwangu." Nikamwambia haya. Huyu ndiye alikuwa anaweka sikio kifuani kwa mtoto kusikiliza kama bado anapumua. Anastahili.

Jumatano, 6 Agosti

Doha. Tumeshuka asubuhi, ndege ya Dar ni kesho. Siku nzima humu humu uwanjani, kutoka nje haturuhusiwi. Niko na Mama Salehe wa Kondoa, mwanae naye katibiwa moyo. Yeye kukaa hawezi. Kasema hapa hatutarudi tena maisha yetu, tuzunguke tushibe macho.

Tumezunguka. Maji ya kunywa bure, baridi. Nimemnawisha Minza chooni kwenye bomba linalofunguka lenyewe, kacheka kila maji yalipotoka. Tumeangalia dhahabu kwa mbali. Kuna ngazi zinazopanda zenyewe, na kuna sakafu inayotembea, unasimama tu inakupeleka. Nilipanda nimeshikilia kitenge kwa mikono yote, maana Minza alikuwa anasukuma mgongo wangu kwa magoti. Anataka chini.

Tumefika penye zulia la watoto kuchezea. Watoto wa kila rangi wanakimbia. Nikasema nimshushe akae tu. Kashika begi langu, kasimama. Akaachia mkono mmoja. Akaachia na wa pili. Mguu ukainuka.

Nikamdaka.

Kalia kilio ambacho sijawahi kumsikia. Zamani alikuwa hana pumzi ya kulia hivyo. Nikamfunga mgongoni. Mama Salehe alikuwa keshatoa simu arekodi. Nikamwambia acha, mume wangu ana kitochi, video ataionea wapi. Akasema, "Mwenzangu, mtoto katoka kufunguliwa moyo, wewe unamfunga kama kuku wa mnada." Nikacheka. Nilikasirika lakini.

Jioni, hapo hapo Doha

Minza kalala. Nimekaa upande ambao zulia halionekani. Mama Salehe kaenda kuzunguka tena na mwanae, wameshikana mikono. Chakula cha kuponi ni wali, hauna chumvi. Nimekula wote.

Hata sakafu ya hapa inatembea. Mwanangu tu ndiye nimemzuia.

Lakini nimeahidi.

Alhamisi, 7 Agosti

Dar. Joto. Baba Minza hapatikani. Kesho basi la Mpanda. Minza mgongoni, katulia.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumefika. Baba Minza hayupo.

Kisima cha ng'ombe kimekauka mapema mwaka huu. Kaka yake kasema ng'ombe watakufa, kawatoa wote, Baba Minza kaenda naye, wamewapeleka huko chini kijiji cha Mamba kwenye majani. Waliondoka juzi, sisi tuko Dar. Mayu, mama mkwe wangu, katuchinjia jogoo. Kamshika Minza midomo, kaiangalia muda mrefu, akalia.

Mimi nilikula. Chakula kilikuwa kinapita tu.

Jumatatu, 11 Agosti

Minza hajaribu tena kusimama. Toka Doha. Nikimweka chini anakaa, ananyoosha mikono nimbebe. Nimemfundisha mwenyewe.

Mayu kauliza kwa nini mtoto yuko mgongoni kutwa, si mlisema kapona? Nikamwambia ahadi yetu. Kaendelea kupukuchua mahindi. Halafu akasema, "Mumeo Masanja yuko huko mpaka mvua, mwanangu."

Mpaka mvua. Sikuwa nimefikiria hivyo. Naogopa. Kama miguu imesahau? Kama ilikuwa inataka siku ile moja tu?

Nimemtoa mgongoni. Nimekunja kitenge, nimekiweka sandukuni.

Jumatano, 13 Agosti

Asubuhi nilifagia nje. Nikamkalisha Minza kwenye mkeka karibu na kinu, Mayu akiwa jikoni anapuliza moto. Nikaenda bombani. Foleni.

Kurudi, mkeka mtupu. Ndoo niliitupa. Mayu katoka, hajaona kitu, macho yamejaa moshi.

Alikuwa zizini. Kasimama, kashika mti wa lango, anachungulia ndani ambako hakuna hata ndama. Na kwenye vumbi nililofagia, kuanzia mkeka mpaka lango, nyayo. Ndogo. Kuna mahali alikaa, alama ya matako ipo, akainuka tena.

Hakuna aliyeona. Sio mimi, sio Mayu, sio baba yake. Doha ningeona. Ilikuwa mbele ya macho yangu, nikaikamata kwa mikono.

Nimechukua beseni nikafunika unyayo mmoja, ule uliotoka vizuri. Mayu kaniangalia. Akalizungukia beseni.

Jumapili, 17 Agosti

Baba Minza kapiga. Kapanda kilima kutafuta mtandao, upepo unavuma kwenye simu. Swali la kwanza, bado hajatembea? Nilitaka kudanganya. Nikamwambia yote, na Doha pia.

Nikadhani simu imekatika.

Akauliza, "Alikuwa anaelekea wapi?"

Nikasema zizini. Unapokaa jioni.

Akasema basi, Mama Minza, mwache atembee. Nikija atanifuata.

Nimefunua beseni. Chini yake hakukuwa na unyayo tena, upepo uliingia kwa pembeni, au mchwa. Nimefagia nje pote. Minza alikuwa nyuma yangu anatembea kilevilevi, anachafua kila ninapomaliza. Nimefagia tena. Sikumnyanyua.