Kitambaa cha Mama Kwenye Diski ya Harusi Yako

Nyumbani kwa Fundi Cherehani,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, na uzipokee umekaa, maana nasikia miguu inakuvimba. Ujauzito unaendeleaje? Usingizi unapata? Shemeji anakusaidia kazi za nyumbani, au jikoni bado ni mgeni wa heshima? Huku hatujambo. Mama ni mzima, na ugomvi wake na cherehani unaendelea kama ulivyouacha.

Baba yuko vilevile. Mkono wa kulia umeanza kushika kikombe, ila sauti haijarudi tangu kile kiharusi. Najua kwa nini umeacha kupiga simu, na hakuna anayekulaumu. Kuongea na mtu anayepumua tu upande wa pili kunaumiza, na wewe huko mbali huoni kwamba anakujibu kwa uso.

Sasa nije kwenye ombi lako, sauti ya Baba kutoka kwenye DVD ya harusi, ili mtoto akizaliwa amsikie babu yake. Niliikuta kwenye kopo la vifungo la Mama. Nikaenda nayo dukani kwangu, kwani kompyuta yangu ya kuchapia barua za watu ndiyo pekee kwetu yenye kisomaji cha diski.

Nilipoitia ilizunguka, ikatetemeka na meza yake, kisha skrini ikaniambia hakuna diski. Mjomba Miwani alikuwepo. Alikuja kutoa kopi akasahau kuondoka. "Si nilikwambia?" akasema. "Hiyo Linux yako ndiyo mkosi. Rudisha mfumo wa zamani." Mjomba huilaumu Linux, ule mfumo mpya niliouweka kwenye kompyuta, hata umeme ukikatika.

Nilifungua dirisha la kuandikia amri, nikaiuliza kompyuta kama inakiona kisomaji. Ikanitajia na jina lake. Nikaangalia kama akaunti yangu ina ruhusa ya kukitumia. Inayo. Nikataka kujaribu diski nyingine, trei ikagoma kufunguka kwa sababu programu ya video ilikuwa bado inaing'ang'ania. Nikaifunga programu, nikatoa amri ya kufungua, wapi. Mwishowe nilizima kompyuta, nikanyoosha kibanio cha karatasi na kuchokonoa kile kitundu kidogo chini ya trei mpaka ikatoka. Nilipowasha tena nikaweka DVD ya Mama ya mafunzo ya kushona, ikacheza bila tatizo. Kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye diski yenyewe.

Utacheka. Juu ya diski kulikuwa na kipande cha kitambaa. Nilikiona tangu mwanzo na wala sikushtuka, maana si ndivyo tulivyokua? Mswaki, kikombe, begi la shule, kila kitu kilikuwa na kipande cha kitambaa cha mwenyewe ili tusigombane. Basi Mama alichukua baki la gauni lako la harusi akaligandisha kwa gundi ya viatu. Diski ikawa nzito upande mmoja, na ukingo uliobanduka ukawa unakwaruza ndani. Ingezunguka vipi?

Mama alipoelewa alisema, "Nilitaka isipotee tu." Roho iliniuma. Nikamwambia kwamba kwenye DVD video imekaa katikati ya tabaka mbili za plastiki, hivyo tusipotumia nguvu haitatoka na gundi. Alikibandua mwenyewe, kwa tambara la maji ya uvuguvugu, taratibu kama anavyofumua mshono.

Ikasomeka. Lakini vile vifungo vya kwenye kopo vilikuwa vimeikwaruza sana, kwa hiyo nilitumia programu inayoruka sehemu mbovu kwanza, halafu inazirudia moja moja. Karibu yote imetoka. Hata pale shangazi alipoteleza na sinia pametoka vizuri kabisa, pole yake.

Hotuba ya Baba ipo. Anatania, watu wanacheka, halafu anakugeukia wewe na kusema, "Mwanangu, huko unakokwenda, siku ukinikumbuka usilie. Wewe..." Hapo picha inaganda, Baba mdomo wazi. Programu ilirudia na kurudia, na hapo pamekataa.

Tulimwekea Baba aone. Alicheka kwa ule upande mmoja wa mdomo. Ilipokatika akatutazama mmoja mmoja. Mama hakumbuki ilivyoisha, alikuwa anapakua chakula. Mimi nilikuwa nalia kama nimefiwa. Mjomba akabahatisha maneno yake mwenyewe, Baba akatikisa kichwa kukataa na kugonga meza ili turudie. Tumerudia siku nzima, na kila ikifika pale anasogea mbele ya kiti.

Wewe ulikuwa umesimama mbele yake. Huwezi kuwa umesahau. Video imo kwenye flashi ndani ya bahasha hii, pamoja na kitambaa chako, ambacho Mama amekifua na kukipiga pasi. Lakini usiingoje, na usiniandikie mimi. Mpigie yeye, umwambie alimaliziaje.

Mama, shangazi na Mjomba Miwani wanakusalimu. Mjomba bado anasema ni Linux. Mwenyezi Mungu akufungue salama, wewe na mtoto.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinuna.

Simu tumeihamishia kando ya kiti cha Baba, upande wa ule mkono unaoshika.