Nyusi za Ukumbi Mzima

Mdogo wangu Olinka,

Samaki wetu wa samoni wa mto Kuskokwim wamekauka vizuri, na yule mbwa wako bado mwizi.

Jana maofisa wa hifadhi walileta mpango wao wa miaka kumi na mitano. Mkuu wao, mgeni kabisa, akauliza, "Mnataka kambi zenu za samaki zibaki?" Ukumbi mzima tukainua nyusi. Akangoja, kisha akaandika: hakuna maoni.

Kambi ya mama ilikuwa inakwenda hivihivi! Nikaropoka, "We bwana, huku ukiinuliwa nyusi umeambiwa ndiyo!"

Akafuta mbio. Akauliza kama sasa ameandika sawa. Hakuna aliyefungua mdomo. Akatutazama usoni mmoja mmoja, akatabasamu, akafunga daftari.

Kiangazi kijacho uje kambini na kisu chako cha samaki.

Dada yako,
Evdokia