Haki ya Kubaki Ndani

Jumatatu, 25 Agosti 2003
Mandazi ninayouza yameisha mapema. Bunia imejaa tena: waliokimbia vita wanarudi, na wageni wa misaada wanatafuta nyumba kwa dola. Papa Anselme, mwenye nyumba yangu, naye amerudi kutoka Komanda. Amenenepa. Alitazama mabati, hakunitazama mimi. Anasema nitoke Jumamosi, kuna mzungu anaitaka nyumba. Kodi nimelipa hadi Oktoba. Mtaa ulipoporwa, ni mimi na mwanangu Neema tuliobaki kulala nyuma ya mlango huu. Asante ya punda ni mateke.

Jumatano, 27 Agosti
Mkutano wa wapangaji kwa Mama Zawadi, mshonaji. Kila mmoja na kisa kilekile. Tumekubaliana: hakuna kutoka, na hakuna kuhamia nyumba ya aliyefukuzwa. Mama Zawadi alisema, "Siye iko watu, hapana mizigo." Niliona aibu, maana nilikuwa nimeshaanza kufunga vyombo.

Ijumaa, 29 Agosti
Tulikwenda wote kwa shefu, mkuu wa mtaa. Alisoma sheria kwa Kifaransa, akafunga kitabu. Mpangaji aliyelipa hatolewi nyumbani bila kupewa notisi ya miezi mitatu. Papa Anselme hakubisha. Sikupenda alivyokubali upesi. Lakini tulirudi tukiimba, nami niliimba kuliko wote.

Jumamosi, 30 Agosti
Amekuja na mafundi na ngazi. Hakugusa mlango, hakugusa hata kijiko changu. Wameng'oa mabati yote. Mama Zawadi alimfokea. Akajibu taratibu, "Mama, miye sifukuze mutu. Abaki mu nyumba yake. Mabati iko yangu." Shefu alikuja, akatazama juu, akasema sheria imetaja mpangaji, haikutaja paa. Paa hili lilipita vita vyote salama. Amani ndiyo imeling'oa. Nimekaa sakafuni naona mawingu, na nina hasira.

Jumanne, 2 Septemba
Mvua. Wenzangu walileta turubai, upepo ukalipasua. Unga umelowa. Godoro limelowa. Wanasema nisiondoke, nikishindwa mimi, mabati yao yatafuata. Najua ni kweli. Wananishika mkono, wananiita shujaa, halafu wanakwenda kulala pakavu. Nawachukia nao, kidogo.

Alhamisi, 4 Septemba
Mvua tena. Neema ana homa. Kuta za udongo zinalainika.

Jumatatu, 8 Septemba
Tumehamia kwa dada yangu. Asubuhi nilimkabidhi shefu ufunguo. Papa Anselme alikuwapo, akataka iandikwe kwamba nimetoka kwa hiari yangu. Nikakataa. Shefu akaniuliza ni nani basi aliyenifukuza. Nikamwambia, "Mvua." Akafikiri, akaandika hivyo. Hakuna aliyecheka.

Nilipopita kwenye ile nyumba baadaye, mafundi walikuwa juu, wanarudisha mabati. Mama Zawadi aliniona njiani, akainamisha kichwa. Sikumsimamisha.

Neema amekunywa uji leo, amelala. Kwa dada panavuja pembeni tu.