Picha ya Dada Yako Akicheka

Kwako shemeji yangu,

Pokea salamu za mzee asiyejua kunyamaza hata kwenye karatasi. Goti lako limepoa, au bado linatabiri mvua? Mimi sijambo, kiasi cha kuugombeza uji.

Umeandika tena ukitaka picha ya marehemu dada yako uwaonyeshe wajukuu, na safari hii umeniita bahili. Shemeji, unamjua dada yako. Akiona kamera alikimbilia jikoni. Hata picha ya harusi yetu ni mimi na shela tu, uso aliuficha ndani.

Niliyo nayo ni moja tu, ya eksirei. Usicheke.

Ni pale kikohozi kilipomkalia kifuani. Fundi wa eksirei, bwana mnene mwenye maneno kama kinyozi, alitueleza kwamba ndani ya mashine mna chupa ya kioo iliyonyonywa hewa. Umeme ukipita humo mbio na kugonga chuma, hutoka miale inayopenya nyama na kukwama mfupani. Aliyeigundua hakujua ni kitu gani, akaipa herufi ya eksi iwe jina, kisha akaupiga picha mkono wa mkewe. Dada yako akasema wanaume ndivyo walivyo, jambo wasilolijua hulijaribu kwa wake zao.

Basi fundi akamwambia avute pumzi, aibane, asitikisike. Mimi pale mlangoni nikasema huyo tangu nimuoe hajafunga mdomo muda wote huo. Akaangua kicheko. Picha ikaharibika, mbavu zikatoka zimetikisika kama kivuli kwenye maji ya karai. Nikafukuzwa, ikapigwa nyingine. Hiyo ya pili ndiyo daktari aliyotuonyeshea doa, na yaliyofuata unayajua, ulikuja kuzika.

Ile iliyoharibika niliiomba. Nimeibandika dirishani. Asubuhi jua likipenya, namwona anacheka. Ndiyo maana nilikunyima, shemeji. Si ubahili, ni wivu.

Leo nakutumia. Waambie wajukuu waishike pembeni, waiinue kwenye mwanga. Nyeupe ni mbavu. Ule ukungu juu yake ndio kicheko.

Utajiuliza nimelegezwa na nini. Wiki iliyopita nami niliingizwa chumba kile kile. Fundi ni yule yule, amekonda. Akaniambia nivute pumzi, nisitikisike. Nikatupa jicho mlangoni. Hapakuwa na mtu. Picha yangu ilitoka safi mara ya kwanza, na daktari akaona yote aliyotaka kuona. Doa liko upande ule ule wa dada yako; hata ugonjwa nimemwiga. Alitaka kunieleza nimebakiza muda gani, nikamwambia asijisumbue, mimi nina miadi na mtu.

Wasalimie wanao na wajukuu, na goti pia. Ukija, machozi yaache huko kwanza, uje na mdomo wako tutaniane nikingali na pumzi ya kukujibu. Dirisha langu sasa ni tupu, jua linaingia lote.

Ni mimi shemeji yako,
Yule aliyepigwa picha na shela.