Maji ya Alhamisi

Tarehe 5 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Na huko dukani kwenu hawajambo? Mimi mzima, goti tu ndilo linanisumbua, ila nimeshalizoea kama mpangaji sugu.

Tangi lako la samaki limefika salama. Nimeliweka saluni, chumba cha mbele alichokuwa analala mama, chini ya kioo kikubwa. Wateja siku hizi wanakuja kutazama samaki, kusuka ni kisingizio. Hao wawili wa mistari nimewaita Mwenye Nyumba na Mpangaji, maana mmoja anamfukuza mwenzake kila kona. Juzi mke wa fundi viatu, hawa wa mlango wa pili, aliwatazama weee mpaka machozi yakamtoka, akaanza kunisimulia ya mumewe. Hayo nitakuandikia siku nyingine, ni marefu na matamu.

Sasa shida ni hiyo pH uliyosema nipime. Nadondosha matone ya ile dawa ya kupimia kwenye kichupa cha maji, siku moja maji yanageuka zambarau, siku nyingine kahawia kama chai. Yanaumwa au yananitania? Na wewe unakuja lini? Tangu tumzike mama hujakanyaga hapa.

Dada yako


Tarehe 14 Machi

Dada yangu kipenzi,

Shikamoo. Pole na goti, lisugue na maji ya moto. Mimi sijambo, kazi tu ndiyo nyingi.

Usiogope. pH ni kipimo cha uchachu wa maji. Namba ikishuka, maji yanaelekea kwenye uchachu, na samaki wa maji chumvi hawautaki. Wao wanataka nane na ushee, ndiyo hiyo zambarau. Kahawia ni chini mno. Tangi jipya lazima liyumbeyumbe, kwa hiyo usikimbilie kumwaga dawa. Pima jioni tu kila siku, maana asubuhi namba huwa chini kuliko jioni, ukichanganya utachanganyikiwa.

Na fungua madirisha, dada. Maji yanavuta hewa ya chumba. Watu wakijazana ndani na milango imefungwa, pumzi zao zinaingia majini na namba inashuka. Hata hapa dukani, penye matangi kibao, ilitokea siku tulipofungiwa ndani kwenye mkutano wa wafanyakazi.

Kuja natamani sana, ila bosi hanipi hata siku moja.

Mdogo wako akupendaye


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo mwanamke? Mimi mzima, goti limetulia, nadhani limeogopa maji ya moto.

Nimekuwa fundi. Napima kila jioni kama ulivyosema, wateja wananiita Daktari. Zambarau, zambarau, zambarau. Halafu inafika Alhamisi, siku ninayokwenda kushinda kwa binti yangu kumlea mjukuu. Nikirudi jioni, kahawia. Wiki inayofuata vilevile. Nikasema labda ni kwa sababu nimefunga saluni, lakini Jumapili nayo nafunga na maji yako vizuri tu. Sasa Alhamisi humo ndani anapumua nani? Samaki wenyewe wawili, tena wadogo. Nilimtania mke wa fundi viatu kwamba labda mama anarudi kuangalia nani kamhamishia kitanda chake. Hakucheka. Aliniangalia hivi, akainamia chungwa alilokuwa anamenya.

Hebu niambie wewe unayejua.

Dada yako


Tarehe 5 Aprili

Dada,

Ni mchanga. Mchanga mpya wa tangi una tabia hiyo, unachachua maji halafu unaacha. Haina haja ya kuuliza majirani. Alhamisi wewe usipime, pima siku nyingine.

Mdogo wako


Tarehe 22 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Nauliza kwa mazoea.

Barua zako huwa zinajikokota, hii ilikuja mbio. Hukuniuliza hata goti. Nikakaa nayo nikiisoma herufi moja moja, unajua kusoma kwangu, nikajiuliza ni mchanga gani huo unaoijua Alhamisi. Mwezi uliopita ulisema pumzi.

Basi Alhamisi nikaaga kama kawaida, nikazungukia nyuma, nikaingia kwa fundi viatu. Mkewe alinisogezea kigoda karibu na ukuta unaopakana na saluni, ule wa mbao uliopakwa chokaa, akatoka nje. Kumbe alikuwa anajua kitambo, alikosa mdomo wa kuniambia.

Nikasikia mnafunga madirisha. Nikamsikia kaka yetu, nikamsikia dalali, na mnunuzi na mkewe wanajadili wavunje ukuta gani. Halafu nikakusikia wewe. Nilidhani nakosea. Lakini sauti yako naijua, mimi ndiye niliyekufundisha kusema.

Ulisema nyumba ya mama ikishauzwa ndipo nitaambiwa, nitalia nitanyamaza. Mke wa mnunuzi akauliza kuhusu tangi. Ukacheka. Ukasema, "Hilo nitaliondoa. Nilimpa apate cha kushughulika nacho, asije akatuchunguza."

Sikuja kugonga. Mimi ninayejua mtaa mzima nani kaachwa na nani karudiwa, la chumba changu mwenyewe nimeambiwa na samaki.

Kesho yake nilimkuta dalali kijiweni kwake, nikamwambia mbele za watu kwamba watoto wa mama tuko watatu na mmoja hauzi. Amekunja jamvi, hajaonekana tena. Kaka yetu anapita upande wa pili wa barabara. Hao wameisha.

Umebaki wewe. Njoo uniambie usoni, hata uwongo, nitausikiliza. Alhamisi ndiyo siku yako, kumbe bosi wako ana huruma. Ufunguo upo palepale mnapouchukulia, juu ya mlango.

Dada yako


Tarehe 17 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Sijapata jibu.

Kila Alhamisi nafunga madirisha mwenyewe, kama mlivyokuwa mnafunga. Naweka ufunguo juu ya mlango, nakwenda kwa mjukuu. Nikasema labda unaona haya kunikuta, utaingia ukae kidogo, uondoke, na mimi nitajua tu kwa rangi ya maji.

Jana nimerudi, sikuvua hata kitenge, nikadondosha matone. Zambarau. Tena zambarau iliyokolea, sijawahi kuiona hivyo. Mwenye Nyumba na Mpangaji wanaogelea pamoja, ungewaona ungefurahi.

Maji hayajawahi kuwa mazuri namna hii.

Dada yako