Chupa Iliyovishwa Nguo

Jumatatu, 3 Juni 2024. Butembo

Ukungu mpaka saa nne. Nimekunywa chai ya majani ya citronnelle, nikamaliza kikombe chote. Bénite, mjukuu wangu, kafurahi kama nimefaulu mtihani.

Pasta alipita jana. Aliniambia kwa upole kwamba mtu wa umri wangu, mwenye moyo mgonjwa kama wangu, aweke mambo yake sawa. Nimekaa asubuhi nzima nikitafuta la kuungama. Naona aibu kuandika: sina huzuni. Nililima, nilifundisha kemia hadi chaki ikanila vidole, nilipendwa na mume wangu Salomon. Mtu anaungama furaha kwa nani?

Mchana, pikipiki mlangoni. Éliakim! Mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama yetu, ametoka Kyavinyonge na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mapajani amebeba kitu amekifunga kitenge kama mtoto mchanga.

— Yaya, dada yangu mukubwa, nimekuletea mugonjwa.

Ni kile kizimamoto cha mtumbwi wa kanisa. Bado kimevaa nguo yake! Ile ya uzi mweupe na maua ya njano, niliyoifuma kwa mkono wangu. Hapa kwetu hakuna redio wala kiti cha salon kinachokaa uchi. Basi siku mtumbwi ulipowekwa wakfu, mimi nilikivisha, Salomon akakifunga ubavuni karibu na motere, injini ya mtumbwi, na pasta wa wakati ule akakiwekea mikono. Tangu hapo hakuna aliyekivua.

Éliakim amekula bukari na sombe, amelala kwenye kiti. Atasema kesho.

Jumanne, 4 Juni

Amesema. Kumbe mwezi uliopita moto ulishika kwenye motere, katikati ya ziwa. Bidon ya petroli ilikuwa inavuja. Wakaupiga kwa magunia yaliyolowa hadi ukafa. Nikamuuliza, na kizimamoto?

— Ah, yaya! Ile ya kuombewa? Nani angeivua nguo mbele ya bamama?

Nimecheka mpaka kifua kikaniuma. Halafu sikucheka tena. Watu kumi na kitu ndani ya mbao, maji pande zote, moto katikati, na wao wanaona haya kuivua chupa nguo yangu!

Baadaye mtu mmoja wa bandarini aliichungulia, akamwambia muda wake umekwisha, inatakiwa nyingine. Éliakim haamini. Anaona ni ujanja wa kutafuta kula.

— Imekwisha namna gani? Haijazimaka hata moto moya! Kitu yenye haijafanya kazi inachoka na nini? We' ndiyo mutu wa chimie. Sema, nitafwata.

Neno langu tu ndilo analongoja. Na Jumapili hii mtumbwi unapeleka kwaya Kamandi, kwenye sikukuu ya mavuno. Bénite anaimba sauti ya pili.

Nikaivua nguo. Chini ya nguo rangi nyekundu bado inang'aa kama siku Salomon alipoileta. Mshale wa kipimo uko kwenye kijani. Éliakim akapiga makofi: vert, yaya, iko vert!

Nikamwambia mshale unapima upepo tu, haupimi unga wa ndani unaozima moto. Tukaipindua. Kwenye kitako imegongwa 2008. Nikaweka sikio. Katika chupa nzima unga unateleza, unausikia kama mchanga kwenye ungo. Humu, kimya. Motere imeutikisa miaka yote hiyo, unyevu wa ziwa umeingia, umeshikana kama chumvi iliyosahauliwa jikoni. Na mpira wa kuziba mdomo umekauka, umeanza kupasuka pembeni.

Nikamwambia: mimi nimechoka kwa kazi, hii imechoka kwa kukaa. Lakini tumechoka wote wawili.

Hakucheka. Alisema Salomon ndiye aliyeifunga pale kwa mkono wake. Kana kwamba mimi sijui! Dakika nzima nilitamani kumwambia: irudishe, ni nzima. Ningeweza. Angeniamini.

Sikusema. Nikamwambia, tafuta nyingine kabla ya Jumapili. Akajibu kwamba kanisa halina kitu mpaka mavuno yaingie, na kwamba bila kuona kwa macho hawezi kuwaambia wazee waitupe chupa ya wakfu.

Jumatano, 5 Juni

Sasa nimepata la kuungama.

Bénite alikuwa kazini, Éliakim amekwenda Beni, mtaa wa Beu, kumwona mwanawe. Nikamwita Jéthro, yule anayeuza vyuma vya pikipiki na motere za mtumbwi. Nilimfundisha. Alikuwa mvivu, ila mwenye moyo.

Ana kizimamoto kipya dukani, kimetengenezwa mwaka jana. Mimi nina mbao.

Mbao za libuyu, mti wa thamani, za masanduku yetu ya kuzikiwa: Salomon alizinunua zetu sote wawili pamoja. Zake alizikwa nazo. Zangu zilikuwa juu ya jiko, chini ya gunia, zinakaushwa na moshi. Nzuri sana. Jéthro alizipapasa kwa kiganja.

— Madame, hizi ni za... Hapana. Batoto wako banajua?

— Chukua tu.

— Batu batasema batoto bamekula sanduku ya mama yao!

Hapo ndipo penye ubaya, na ninaujua. Nikifa, jirani watakuja kulia na watatazama sanduku kwanza. Bénite atabeba aibu ambayo si yake. Lakini mbao zinangoja, na ziwa halingoji. Mimi naweza kulala kwenye mbao za mkaratusi, za bei ndogo. Sitalalamika.

Jéthro alisema atazipeleka kwa seremala amtengenezee binti yake kitanda cha arusi. Watu wawili watazilalia mbao zangu, na watakuwa hai! Niliimba peke yangu hadi jioni.

Alhamisi, 6 Juni

Moyo mbaya leo. Nimelala. Bénite kanipikia haragi, kapangusa miguu yangu kwa maji ya moto huku anarudia sauti ya pili. Karibu nimwambie.

Chupa mpya iko chini ya kitanda. Haina nguo, na sitaifumia.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika nikiwa uani, kwenye kiti, blanketi magotini.

Éliakim amerudi. Anataka kuona kwa macho — ataona. Nimewaambia waweke mafuta machafu ya motere na vitambaa ndani ya karai kuukuu, mbali na nyumba. Nusu ya kwaya imefika, wanasema wamekuja kurudia wimbo. Waongo. Wamekuja kumwangalia koko, bibi wa Bénite, akiwasha moto uani.

Moto umeshika. Moshi mweusi. Éliakim amevua kofia kwanza, akaomba kwa sauti ndogo, akang'oa pini ya chupa kuukuu. Amebonyeza.

Fyuuu. Upepo. Unga kiasi cha kijiko. Basi.

Amebonyeza tena. Ameitikisa, ameigonga chini, ameisema kwa Kinande. Kwaya wanakufa kwa kicheko. Mmoja anamwambia Éliakim, tonton, uiimbie, labda itaamuka!

Ameiweka chini polepole, kama mtu anayelaza mgonjwa. Akaja kuchuchumaa karibu nami.

— Kumbe tulitembeaka na maiti, yaya. Na siku ya Mungu? Bénite atavuka na nini?

Nimemwonyesha chini ya kiti changu. Amefungua kitenge. Amepindua chupa, amesoma kitako, ameweka sikio kama nilivyomfundisha. Unga umeteleza. Uso wake! Mtoto wa mwisho wa mama yetu, mvi kichwani, na uso ule ule wa kupewa muwa.

— Wasingya, yaya. Wasingya, aksanti! Mais... umeitosha wapi, umeipata kwa nani?

Nimejifanya sisikii. Karai bado linawaka. Bénite ameona hakuna anayelizima, amekimbilia jikoni kutafuta gunia la kulifunika —

Gunia! Lile la juu ya jiko!

Ametoka. Amesimama mlangoni, gunia limening'inia mkononi. Hatazami moto. Kwaya wamegeuka mmoja mmoja kumtazama.

— Koko. Mbao zako ziko wapi?

Éliakim ametazama gunia. Ametazama chupa mpya mikononi mwake. Anaibeba sasa kama kitu kizito sana.

Naandika ili nisiinue macho. Wanakuja wote wawili. Mungu anisamehe, nashindwa kuzuia kicheko, na Bénite, naona miguu yake, imesimama mbele ya kiti changu, na mkono wake unashuka kwenye kalamu yangu