Kinyungu cha Marehemu

Jumatatu, 23 Julai 1956
Baridi kali. Mpini wa jembe unauma vidole. Nimefyeka matete upande wa kijito, nikayafukia yaoze. Kinyungu hiki, shamba letu la bondeni, nilikuwa nikilima na mume wangu kila kiangazi. Sasa yeye hayupo na nusu yake ni majani matupu. Shemeji Petro amepita njiani, akasimama kutazama. Wazee wamesema: shamba lisipolimwa lote ifikapo tarehe kumi na moja Agosti, linarudi kwa ukoo. Ukoo ndio Petro. Nilikataa kurithiwa naye, basi anataka arithi shamba.

Alhamisi, 26 Julai
Nimepika pombe ya mgowe, kazi ya kusaidiana shambani. Jumamosi watu walime, kisha wanywe. Ndiyo desturi yetu. Nina matumaini.

Jumamosi, 28 Julai
Hakuja mtu. Hata jirani yangu Anyesi, niliyemkanda alipojifungua. Nimemkuta kisimani, akainamia ndoo yake. "Kamwene, dada. Unisamehe. Petro kapita kila nyumba, na sisi tunaazima ng'ombe zake." Nimemwambia aende zake. Pombe nimewamwagia nguruwe. Wamelewa, wakaanza kupigana. Nimecheka, halafu nikalia.

Jumapili, 29 Julai
Kanisani nimekaa benchi peke yangu. Sala za mdomoni tu.

Ijumaa, 3 Agosti
Sakitu. Umande umeganda usiku, asubuhi bonde lote jeupe. Maharage niliyotangulia kuyapanda yameungua hadi shinani. Nimeyafukia, nikalima juu yake. Mgongo haunyooki.

Jumatano, 8 Agosti
Imebaki kona ya chini, yenye maji. Mifereji alichimba mume wangu, mimi sikuwahi. Nimechimba, ukingo ukabomoka. Nimechimba tena, ukabomoka tena. Nimemtukana marehemu kwa sauti. Angalau angenionyesha kabla ya kufa! Mara ya tatu maji yameondoka. Nimeona haya kwa yale matusi.

Jumamosi, 11 Agosti
Wazee wamekuja. Wamezunguka matuta yote, Petro nyuma yao. Mkubwa wao amechomeka fimbo kwenye tuta la kona, ikazama. "Limelimwa," akasema. Petro ameondoka bila kuaga. Shamba ni langu! Wote wakapanda mlima, wakaenda kwao. Nilitaka kumsimulia mtu. Hapakuwa na mtu.

Jumatatu, 13 Agosti
Baridi imepungua. Nimepandikiza kabichi. Kazi hii ni ya watu wawili: mmoja anashindilia mche, mwenzake anamfuata na maji. Nimeanza kama tulivyozoea, mstari mmoja mrefu kutoka njiani hadi kijitoni. Nilipofika mwisho nikachota maji, nikarudi mwanzo. Miche ya kwanza ilikuwa imekwishalala kwa kiu. Nimeing'oa, nikapanda mingine, kwa mistari mifupi.